Kitambaa Kinachopita Madirishani

Haya niliambiwa na wifi yangu Eliwaza, mwaka ule tangawizi ilipokosa wanunuzi ikaozea mashambani, tukiwa jikoni kwake tunapukuchua mahindi. Alisimulia mara moja tu. Njia aliyopita hadi kufika huko hakuieleza, nami sikumchokonoa. Alisema alivuka, akafika, basi.

Eliwaza alikuwa na mdogo wake, Nambike, aliyeolewa nchi iitwayo Mserereko na bwana mmoja mpole sana, Shekiondo. Ilikuja habari kwamba wamejaliwa mtoto wa kike, wamempa jina Mkunde. Baada ya hapo kimya, hata salamu. Eliwaza akavumilia, akavumilia, mwisho akafunga kanga mbili na chupa ya asali, akaenda kumwona mdogo wake na kumbeba huyo mtoto ambaye alikuwa hajapata kumtia machoni.

Kitu cha kwanza alichokiona huko ni kitambaa.

Kilikuwa na upana kama wa kanga, lakini urefu wake hauna mwanzo wala mwisho. Kilitoka kilimani, kwenye jengo jeupe lisilo na dirisha hata moja, kikashuka kikaingia dirisha la nyumba ya kwanza, kikatokea dirisha la pili, kikavuka uchochoro, kikaingia nyumba inayofuata, hivyo hivyo nyumba kwa nyumba mpaka bondeni macho yanapochoka. Na chote kimechorwa na kuandikwa, pindo hadi pindo. Hapa mji unaungua. Hapa mbuzi kazaa mtoto wa vichwa viwili. Hapa wataalamu wamemwona mdudu anayeishi ndani ya barafu. Hapa mkubwa wa nchi fulani kamtukana mkubwa mwenziwe, na hapa namna ya kukaanga ndizi zisinyonye mafuta. Vyote vimeshonwa bega kwa bega, kama watu wasiojuana waliokaa benchi moja.

Hakikuvutwa na ng'ombe wala mashine. Kilivutwa na vidole gumba vya watu. Kila nyumba walikuwa wamekaa dirishani, kidole kinasukuma, kipande kinapita, kidole kinasukuma. Vidole gumba vya watu wa Mserereko vilikuwa vinene kama mihogo, na vingine vinne vimesinyaa kwa kukosa kazi. Huko kijana akienda kuposa, wazee wa binti hawaulizi ana shamba au hana. Wanamwambia, "Hebu tuone kidole."

Nambike alikuwa dirishani na mumewe. Alipomwona dada yake uso ulimchanua.

"Dada! Dada Eliwaza! Karibu, pita huku nyuma, usikatize kitambaa tu."

Eliwaza akafungua mikono amkumbatie. Kabla hajamfikia, uso wa mdogo wake ukabadilika, ukakunjamana, chozi likatoka. Mara ukapanuka kwa mshangao. Mara akacheka hadi jino la mwisho. Eliwaza akasimama pale pale mikono hewani, akadhani mdogo wake kapatwa na wazimu. Ndipo akaona kwamba uso ule ulikuwa unafuata kitambaa: ukipita mji unaoungua analia, akipita mbuzi anashangaa, wakipita wakubwa wanaotukanana anacheka. Na Shekiondo pembeni yake vivyo hivyo, machozi na meno kwa pamoja.

"Shikamoo shemeji," alisema Shekiondo bila kugeuka. "Utatusamehe. Sheria ni pumzi moja."

Maana yake, kipande hakiruhusiwi kushikwa zaidi ya pumzi moja, kwa sababu jirani naye anakisubiri. Na kila kipande lazima kipewe uso wake. Kuna maofisa wa kazi hiyo, wanaitwa Wakaguzi wa Nyuso, wanapita madirishani na fimbo fupi. Eliwaza hata hajaketi, mmoja akatokea.

"Nyumba ya Shekiondo! Mji umeungua hapa, mbona sioni chozi?"

"Limetoka, mzee, limekauka," alisema Nambike.

"Na huyu mama?"

"Dada yangu. Mgeni."

Mkaguzi akamtazama Eliwaza kwa upole, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyechelewa kuanza shule. "Mama, uso wako uko nyuma vipande vitatu. Hapa sasa hivi tunacheka."

Lakini Eliwaza alikuwa amekwisha kumwona mtoto.

Alikuwa amelazwa mkekani nyuma ya mama yake, msichana wa miaka miwili hivi, midomo imekauka, kijiko cha mti kimo mkononi. Eliwaza akapiga goti, akamgusa paji la uso, akautoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria.

"Nambike! Huyu mtoto anaungua!"

"Najua, dada. Tangu juzi." Mkono wa kulia wa Nambike ulikuwa kwenye kitambaa, lakini wa kushoto ulikuwa nyuma yake, umeshika unyayo wa mtoto. Ulikuwa umeshika muda wote huo, Eliwaza hakuuona tu. "Hapendi niuachie. Nikiuachia analia."

"Sasa mmekaa hapa mnatazama mbuzi?"

"Mbuzi wa nani, mama?" aliuliza Mkaguzi dirishani. "Ameshapita huyo."

"Baba, nasema mtoto ana homa!"

Mkaguzi akainama kwenye kitambaa, akatafuta mbele na nyuma. "Homa? Sijaiona. Imepita?"

"Haijapita," alisema Shekiondo, macho chini kama mwenye kosa.

"Basi haijatokea," alisema Mkaguzi, akaenda zake akicheka, maana kipande kilichofuata kilikuwa cha kucheka.

Ndivyo sheria kubwa ya Mserereko ilivyo: kisichopita kwenye kitambaa hakijatokea. Tabibu hatibu ugonjwa ambao haujapita, askari hamtafuti mwizi ambaye hajapita. Eliwaza alipomkaripia mdogo wake, Nambike alijibu bila hasira, kidole kikiendelea.

"Dada, wewe hukuwepo mwaka wa mafuriko. Kipande kilipita asubuhi, kimechorwa mto umefura, watu wote wakapanda juu. Wale waliokuwa wamegeuka, wanapika, wanachota maji, walichukuliwa na maji pamoja na watoto wao. Rafiki yangu Tatile alikuwa anasuka nywele. Mimi natazama kwa ajili ya Mkunde. Jambo la kumdhuru likipita nisilione, nitajiambia nini?"

Na Eliwaza aliniambia: "Wifi, kama angekuwa mama mbaya ningempiga makofi, nikamchukua mtoto. Hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa."

Basi ikakubalika Shekiondo apande kilimani kuomba ugonjwa wa Mkunde upitishwe. Nambike abaki kuvuta kwa niaba ya wawili. Eliwaza akasema atakwenda naye, maana alimwona shemeji yake alivyo mpole, akajua ataambiwa subiri naye atasubiri.

Huko juu waliwakuta watu wengi wamepanga mstari na mambo yao. Mmoja ghala lake limeungua. Mwanamke mmoja kaunda jiko lisilotoa moshi, kaja nalo kichwani, ameambiwa halina kilio wala kicheko, arudi nalo. Pembeni kulikuwa na ukumbi wa baraza, mlango wazi, na sauti za ndani zilikuwa zinachorwa zikingali moto na kupelekwa kushonwa. Eliwaza akachungulia.

Mtaalamu mmoja mwembamba alikuwa amesimama katikati. Alikuwa amepima jua kwa vyombo vyake, akaona kwamba litazimika baada ya miaka elfu mara elfu, mara elfu nyingine. Aliyasema hayo kwa sauti ndogo, akataka kuketi, lakini hakuachwa.

"Jua hili liliwashwa enzi za serikali yetu!" mzee wa upande mmoja alifoka. "Chini yenu ndiyo linazimika!"

"Mliliwasha vibaya!" wa upande wa pili akajibu. "Tunarekebisha makosa yenu!"

"Mwongo! Nasema mwongo! Mwongo mkubwa wewe! Babu yako ndiye aliyepinga jua!"

"Ndugu zangu," alisema mtaalamu, "nimesema miaka elfu mara elfu—"

"Wewe uko upande gani?" wakamwuliza wote kwa pamoja.

Viti vikaanza kuruka. Na nje pale kwenye mstari, mama mmoja aliyekuwa na ndoo tupu alikuwa ameshaanza kulia. Eliwaza akamwuliza kisa. "Jua," alisema yule mama. "Wanangu watakaa gizani." Eliwaza akamwuliza wanawe wako wapi. Akasema wako nyumbani, wanasubiri maji tangu asubuhi.

Mwisho wakafika kwa Bwana Mshonaji. Alikuwa mtu safi, mwenye adabu, sindano kubwa mkononi, vipande vimemzunguka hadi kiunoni.

"Wangapi?" aliuliza.

"Mmoja, mzee," alisema Shekiondo.

"Mmoja tu? Ana nini?"

"Homa."

Bwana Mshonaji akashusha sindano, akawatazama kwa kuwahurumia kweli. "Mmoja, na homa. Jana nimepitisha kijiji kizima, baba. Watu wamekilia vizuri sana. Sasa leo niwapelekee mmoja?"

"Kijiji kizima sikijui mimi," alisema Eliwaza. "Huyu ni mtoto wa mdogo wangu. Mimi ni mama yake mkubwa."

"Nakuelewa, mama. Hebu tusaidiane. Ana kitu chochote cha ajabu? Kazaliwa na meno? Anaongea na paka?"

Shekiondo akajikuna. "Ana kialama hapa shingoni, mzee. Cheusi. Kama mbegu ya papai."

"Kwa mbali hakitaonekana."

"Analala na kijiko mkononi," alisema Shekiondo kwa sauti ya chini.

"Kijiko," alisema Bwana Mshonaji, akaliwazia hilo. "Hapana."

Hapo wifi yangu akapandisha sauti. Wale wanaomjua Eliwaza wanajua sauti yake, ng'ambo ya bonde inasikika. Alimwambia yule bwana maneno ambayo hapa sitayaweka. Watu mstarini wakageuza shingo, mmoja akadhani hiyo nayo ni kipande, akaanza kupiga makofi. Bwana Mshonaji akaona aibu, akasema basi, basi mama, atapita.

Shekiondo akaanza kueleza sura ya mwanawe ili mchoraji aichore, lakini mchoraji akamkatiza. "Mtoto mgonjwa tunaye tayari." Akavuta sandukuni picha ya mtoto mmoja mwenye macho makubwa kama visahani, mbavu zinahesabika, mtoto wa mbali huko asiyejulikana wa nani wala kama alipona. "Huyu amewaliza watu sana," alisema, akamshona. Chini akaandika kwa herufi ndogo: *Nyumba ya Shekiondo, tabibu afike.* Upande mmoja akamwekea nyota iliyoonekana ina mikia miwili, upande wa pili wale wazee wa viti.

"Kwa nini mnachanganya hivi?" Eliwaza aliuliza. "Mbona msiweke wagonjwa pamoja, ugomvi pamoja, nyota pamoja, mtu ajue anachotazama?"

"Tulijaribu zamani," alisema Bwana Mshonaji, akiuma uzi. "Ukimpa mtu huzuni tupu, anainuka anakwenda kusaidia. Ukimpa furaha tupu, anashiba anakwenda kulala. Mchanganyie, hatajua ana njaa ya nini. Ataendelea kuvuta." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayeeleza kwa nini mlango unawekewa bawaba tatu.

Wakateremka mbio ili wakiwahi kipande. Shekiondo njia nzima alikuwa anajiapiza: kikifika nitakishika, shemeji, hata wanipige fimbo nitakishika, mpaka tabibu asikie kelele. Wakafika, akakaa mahali pake. Mtoto alikuwa hajafumbua macho. Eliwaza akalowesha kanga yake moja, akawa anamkanda kichwa na kwapani, anamdondoshea maji kwa kile kijiko chake. Mengine yalitoka pembeni ya mdomo, mengine alimeza.

Mchana ukageuka. Kitambaa kinapita. Ikapita vita, yakapita mapishi, ikapita dawa ya kurefusha maisha ya panya, ikapita harusi ya watu wakubwa. Shekiondo akalia, akameza mate, akashangaa, akacheka. Ikapita nyota yenye mikia miwili, akashangaa sana kwa ile nyota. Kisha Eliwaza, akiwa ameinama mkekani, akasikia shemeji yake anavuta pumzi na kusema kwa huruma ya kutoka moyoni:

"Masikini, mtoto wa watu."

Na Nambike naye: "Masikini. Mama yake sijui yuko katika hali gani."

Kidole kikasukuma. Halafu wakacheka, maana walifika wazee wa viti.

Eliwaza akainua kichwa, akaona pindo la yale maandishi madogo linatoka dirisha la pili.

"Shemeji! Ndiye huyo!"

"Nani?"

"Mkunde! Mkunde wako!"

"Yule?" Shekiondo akageuka kwa mara ya kwanza tangu akae dirishani waliporudi, uso bado una kicheko cha viti. "Yule hakuwa Mkunde, shemeji. Yule alikuwa na macho…" Kicheko kikabaki usoni peke yake, mwenyewe hayupo. Akaruka dirishani, akakishika kitambaa kwa mikono miwili akivute kirudi, lakini kitambaa kile hakirudi nyuma, na vidole vyake vilivyosinyaa havikuwa na nguvu ya kushika kitu. Kikampita mikononi kama maji.

Kutoka nyumba ya jirani wakasikia: "Masikini." Kisha nyumba ya pili yake: "Masikini." Kisha ng'ambo ya uchochoro, kisha chini kwenye miti, sauti ndogo zaidi na zaidi, masikini, masikini, kama ndege anayeitana na mwenziwe akiteremka bondeni. Hakuna nyumba iliyokosa. Eliwaza aliniambia hajapata kusikia mtoto mmoja akihurumiwa na watu wengi kiasi kile.

Wakangoja tabibu. Hakuja. Eliwaza akamfunga Mkunde mgongoni, akaenda mwenyewe hadi nyumba ya tabibu, ile yenye bati jekundu. Alimkuta dirishani, mzee mwenye macho mekundu kwa kulia.

"Tabibu, hodi. Nimeleta mgonjwa."

"Karibu mama, keti. Nyumba ya nani?"

"Ya Shekiondo."

"Wa homa? Wa kike?" Tabibu akatikisa kichwa kwa majonzi. "Ah, huyo nimeshamhurumia."

"Sikuja kuomba huruma. Nimekuja kuomba dawa."

"Dawa ipo, mama. Ile pale rafuni. Ngoja kipande hiki kipite nikuonyeshe. Tazama, watoto wa nchi ile wanavyokwisha kwa kipindupindu. Tazama, Mungu wangu." Machozi yakamtiririka. Kipande kikapita. "Haya, na hiki nacho."

"Tabibu, geuka umtazame huyu!"

"Nikigeuka nitawakosa wale."

Eliwaza akaenda rafuni mwenyewe. Chupa zilikuwa nyingi, zina vumbi, hazina maandishi. "Ni ipi?"

"Ya majani ya kijani."

"Za kijani ziko kadhaa! Ipi?"

"Ile… ngoja… ile ya… loo! Wamekuta bahari ndani ya jabali!"

Akauliza tena, akauliza tena, akamshika bega akamtikisa. Mzee yule akatikisika kama mtu aliyelala, kidole kinakwenda. Eliwaza akaogopa kumnywesha mtoto kitu asichokijua kikammaliza. Akaondoka mikono mitupu. Mgongoni alisikia moto wa yule mtoto kupitia kanga, na pumzi zake fupi fupi kwenye shingo.

Akamrudisha mkekani. Nambike akapeleka mkono wa kushoto nyuma, akautafuta unyayo, akaushika. Eliwaza akaendelea na maji na kijiko. Jua likaanza kuteremka, nyumba ikaingia rangi ya kahawia. Mara Nambike, akiwa anatazama mbele, akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa la kitambaa.

"Dada," alisema. "Homa imeshuka. Amepoa. Ona mguu ulivyopoa."

Eliwaza alikuwa amekwisha kuweka kijiko chini.

"Nambike," alisema. "Mdogo wangu. Amekufa."

"Usiseme hivyo."

"Amekufa, mama."

"Usiseme hivyo, dada, haijapita!" Na sauti ikampanda. "Haijapita! Ikipita nitaona. Mimi ndiye nitakayeona wa kwanza. Baba Mkunde, nenda kilimani wakapitishe, nami nitakaa hapa hapa, safari hii hakitanipita."

Shekiondo akaenda. Alirudi kumepambazuka, akasimama uani alipokuwa Eliwaza, hakuingia ndani.

"Wamesema nini, shemeji?"

"Wamesema mtoto yule alipita jana. Watu hawapendi kitu kimoja mara mbili." Akafuta uso kwa kiganja. "Kwa hiyo haitapita. Kwa hiyo wanasema hajafa."

"Na wewe wasemaje?"

Shekiondo akanyoosha mkono achukue jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akalikosa. Kile kidole kikubwa hakikukunjika kuzunguka mpini. Akajaribu tena, jembe likaanguka. Eliwaza akalichukua, akachimba yeye, nyuma ya nyumba mahali penye udongo laini, na Shekiondo akawa anatoa udongo kwa viganja, amepiga magoti. Wakamfunga Mkunde kwenye ile kanga iliyokuwa kavu. Majirani walikuwa wanaonekana madirishani mwao, hatua chache tu kutoka pale, wanalia kweli kweli, wanamlilia mfalme wa nchi nyingine aliyeanguka farasini. Shekiondo alipomaliza kufukia alijilaza kando ya lile tuta, shavu kwenye udongo, akalala vilevile alivyo.

Eliwaza akakung'uta mikono, akaingia ndani.

Nambike alikuwa dirishani. Macho yamemvimba kwa kutopepesa. Hakuwa anatoa uso wowote tena. Mkaguzi alikuwa amepita mara mbili akamwonya, akakata tamaa naye. Kila kipande alikuwa anakiinamia, anakisoma hadi herufi ndogo kabisa ya pindoni, kisha anasukuma.

"Bado," alisema. "Lakini itakuja. Nataka kulia, dada, hapa pamenijaa, lakini nikilia sasa macho yataniingia maji, itapita nisiione. Kama ilivyompita baba yake."

Eliwaza akakaa karibu naye kwenye ile benchi. Alifikiri kumdanganya, aliniambia kweli alifikiri. Amwambie itakuja, subiri. Angesubiri mpaka anazeeka, na angekuwa salama namna fulani.

"Haitakuja, Nambike," alisema. "Wameikataa. Nimemzika sasa hivi kwa mikono yangu. Yuko hapo nyuma, chini ya mche wa mlimau."

Kidole kikasimama.

Kitambaa kikavutika, kikakaza kama kamba ya nguo, na upande wa jirani sauti ikatoka: "Nambike! Pumzi imepita huko!" Nambike hakusogea. Alikuwa anatazama kipande kilichokuwa chini ya kidole chake, nacho kilikuwa si kitu, kilikuwa mapishi ya maboga. Akakitazama hivyo hivyo. "Nambike! Kuna nini huko?" Sauti nyingine chini zaidi: "Kimekwama wapi? Kimekwama kwa nani?" Na nyingine. Bonde zima likaanza kuuliza kimekwama wapi, na hakuna aliyeinuka kuja kutazama.

"Mlimau upi?" aliuliza Nambike.

"Ule mdogo."

"Niliupanda nikiwa na mimba yake." Akajigusa shingo. "Alikuwa na alama hapa," alisema.

"Nimeiona."

Hapo akalia. Hakulia kwa uso, maana uso wake ulikuwa umechoka zamani. Alilia kwa tumbo na mabega, kama mtu anayetapika, bila machozi kwanza, kisha machozi yakaja. Eliwaza akamshika. Kitambaa kikamteleza Nambike mkononi, jirani akakivuta, kikaanza kupita tena mbele yao peke yake, mji, mbuzi, nyota, hakuna aliyekitazama. Alilia mpaka kilio kikawa kwikwi, na kwikwi zikawa pumzi. Akajinyoosha kwenye benchi, kichwa kwenye mapaja ya dada yake kama walipokuwa wadogo, jua la saa sita linampiga miguuni, akalala.

Eliwaza alikaa hivyo, hakutaka kumwamsha kwa kusogea. Miguu ikamfa ganzi. Alikuwa hajafumba jicho tangu afike nchi ile. Alimwondolea mdogo wake udongo wa kaburi uliomwingia nywele kutoka mikononi mwake, punje kwa punje, mpaka mkono ukawa mzito, ukatulia pale pale juu ya kichwa, naye akalala.